Ukurasa wa Vihatarishi

Siku ile mjinga nilikuwa mimi. Nalisema mapema, kwa sababu Thomasina Attakai akianza kuisimulia yeye huniongezea ujinga mwingine ambao sikuwa nao, na ule niliokuwa nao ulitosha.

Thomasina ni mkuu wa taaluma wa chuo chetu, na kwa hesabu ya koo ni binamu yangu wa upande wa utani. Maana yake ana ruhusa ya kunisema kuanzia asubuhi hadi jioni, nami nina ruhusa ya kuucheka mwendo wake. Ndiye aliyenipa kazi. Kabla ya hapo niliendesha lori la nyasi kavu miaka kumi na moja, na kabla ya lori nilikuwa napanda mafahali kwenye maonyesho, mpaka fahali mmoja kule Gallup akanivunja mbavu tatu, halafu akarudi kuikagua ya nne. Nilipoingia ofisini kwa Thomasina nikichechemea, kuomba kazi yoyote ya kukaa, aliniuliza, "Unaweza kuwasifu watu usiowajua, kwa maandishi, kurasa ishirini?" Nikamwambia nimewahi kuomba mkopo wa gari. Akasema inatosha. Hivyo nikawa mwandishi wa maandiko ya miradi.

Chuo chenyewe ni majengo manne juu ya uwanda wa mwamba, na moja kati ya hayo manne linavuja. Wanafunzi mia mbili. Kila majira ya baridi Washington hutangaza ruzuku za elimu ya kilimo kwa vyuo vya wenyeji wa asili, na vyuo vyote vya namna yetu, kutoka kwetu sisi Wadiné mpaka kule mpakani mwa Kanada, huinama juu ya kompyuta wiki hiyo hiyo kugombea fungu moja. Mwaka ule sisi tuligombea kwa ajili ya darasa la kondoo.

Darasa la kondoo lilikuwa ni Bi Alfreda Haskie. Umri wake miaka sabini na mitatu, sketi ndefu, viatu vya mpira, na fimbo aliyoitumia zaidi kuonyeshea kuliko kuegemea. Alifundisha ufugaji wa kondoo wetu wa kale, wale wa sufu ndefu ambao madume wao huota pembe nne, na alifundisha kukata sufu, kusokota, kutia rangi na kufuma. Alikuwa na wanafunzi tisa na majike thelathini na nane. Ruzuku iliyokuwa ikililea darasa ilikuwa inaisha mwezi wa sita.

"Hii ikitupita," Thomasina aliniambia, "darasa nafunga na kundi nauza. Sina mfuko mwingine wa kuchokonoa. Kwa hiyo andika kama mtu anayedaiwa uhai wake, binamu, siyo kama unavyoandikaga."

Basi nikaandika. Kurasa kumi na tatu zilikwenda bila shida. Wa kumi na nne ulikuwa na kichwa kipya: Vihatarishi na Namna ya Kukabiliana Navyo. Elezeni yote yanayoweza kuharibika, na mtafanya nini yakiharibika. Pointi kumi kati ya mia.

Mwaka uliotangulia mfuko mwingine ulikuwa umetukatalia, na wapitiaji wao walituandikia kwamba waombaji hawaonyeshi dalili ya kuwahi kufikiri kuwa jambo linaweza kuharibika. Mimi, wa mbavu nne! Maneno yale yaliniuma mwaka mzima. Kwa hiyo safari hii nilikunja mikono ya shati. Nikaandika ukame. Nikaandika theluji ya kuchelewa wakati wa kuzaa. Nikaandika mbweha, kuoza kwato, kisima kukauka, barabara kukatika kwa matope. Nilipoishiwa na majanga ya kondoo nikahamia kwa watu: mwalimu mkuu wa mradi, mwenye umri wa miaka sabini na mitatu, anaweza kuugua kwa muda mrefu au kufariki, na ikitokea hivyo nafasi yake itachukuliwa na mwanafunzi wake mwandamizi, Lorinda Cly. Niliusoma ukurasa ule mara mbili nikajipongeza. Ulikuwa bora kuliko zote nilizowahi kuandika. Hata mimi ulinitisha.

Kwetu baya ambalo halijaja halisemwi. Ukilisema umeliita, na ukilitajia jina la mtu umelielekeza mlangoni kwake. Hili mtoto wa kwetu hulijua kabla hajajua kufunga kamba za viatu. Mama yangu alinizaba kofi nikiwa na miaka sita kwa kusema, nikiwa juu ya farasi, kwamba nitaanguka. Sikuwa nimelisahau. Ila mbele ya kompyuta nilikuwa mtu wa ofisi, na mtu wa ofisi alikuwa anatafuta pointi kumi.

Kilichobaki kilikuwa sahihi ya Bi Alfreda kama mwalimu mkuu wa mradi, chini ya sentensi inayosema amelipitia andiko lote na amekubaliana nalo. Jumatano nikashuka zizini. Mwisho wa kupokea ulikuwa Ijumaa saa tisa alasiri kwa saa zetu.

Bi Alfreda alikuwa amesimama katikati ya kondoo, Lorinda akimwaga nyasi kwenye vihori. Lorinda ni mama wa watoto wawili, anaendesha saa nzima kuja na saa nzima kurudi, na alikuwa amebakiza mwaka mmoja apate cheti, wa kwanza kwenye darasa lile. Kwa ukoo mimi ni mjomba wake.

"Mwanangu," Bi Alfreda akasema, akiniangalia kuanzia chini. "Umekuja kufanya kazi au umekuja kuvionyesha viatu?"

"Nimeleta karatasi, mama mdogo. Wewe unatia sahihi hapa, mimi narudi na viatu vyangu."

"Sitii sahihi kitu ambacho sijakisikia. Mara ya mwisho nilipofanya hivyo nilipata mume."

Lorinda akacheka mpaka ndoo ikalia.

"Miwani nimeiacha nyumbani," Bi Alfreda akaendelea. "Nisomee, lakini kwa lugha yetu. Huyu ataniambia ukichomekea."

"Atachomekea, bibi," Lorinda akasema. "Wajomba wote wanachomekea."

Nikasoma. Nilisoma vizuri, na yeye alikuwa msikilizaji mzuri. Nilipofika penye historia ya kondoo, namna wazee walivyowaficha makorongoni miaka ile serikali ilipokuja kupunguza kondoo kwa risasi, aliitikia kwa kichwa akasema, "Hapo umesema." Nilipofika penye ratiba ya mafunzo alinisahihisha mwezi wa kutia rangi. Jike mmoja alikuja kunitafuna pindo la koti. Kulikuwa na jua. Nilianza kuamini kuwa ninaijua kazi hii.

Nikafunua ukurasa wa kumi na tatu, kisha wa kumi na tano.

"Umeruka mmoja," Bi Alfreda akasema.

"Huo ni wa mambo ya ofisi tu."

"Jina langu si liko ukurasa wa kwanza? Basi na mimi ni wa ofisi. Soma."

Hapa ndipo napoomba mnivumilie. Ningeweza kukohoa. Ningeweza kuuachia upepo ule ukurasa, na upepo wa kwetu hauhitaji kubembelezwa. Ningeweza hata kusema ukweli, kwamba huu hausomeki hapa. Badala yake nikasimama wima, nikasafisha koo, nikautafsiri. Neno kwa neno, kwa sauti, kwa lugha ambayo mambo hayo hayasemwi, mbele ya majike thelathini na nane wenye mimba. Ukame, theluji, mbweha, kwato. Niliposikia mdomo wangu unalikaribia jina lake nilijua nakosea, lakini nilishashika kasi, kama siku ile Gallup.

Nilipomaliza, Lorinda alikuwa ameiweka ndoo chini.

"Mjomba," akasema polepole, "mimi umeniingiza humo nikiwa nangoja bibi afe?"

"Siyo kungoja. Ni utaratibu."

"Nani amekutuma?" Bi Alfreda akauliza. Hakupaza sauti.

"Washington, mama mdogo. Pointi kumi."

"Wao ndio waliokupa jina langu?"

"Hapana."

"Theluji ya kuchelewa, wao wanaijua?"

"Hawaijui."

"Mbweha wa korongo hili?"

"Hapana, mama mdogo."

"Basi yote hayo umeyatoa kwako mwenyewe, ukaja kuyamwaga hapa, siku kumi kabla hawajazaa." Akaichukua fimbo iliyokuwa imeegemea uzio. "Mtoto wa dada yangu."

Akaenda kwenye pikapu yake akaondoka. Lorinda naye akanigeuzia mgongo akaendelea kumwaga nyasi, ingawa vihori vilikuwa vimeshajaa.

Thomasina nilipomweleza alicheka mpaka akashika meza.

"Umeusoma? Kwa sauti? Zizini?"

"Aliniambia nisome."

"Binamu, yule fahali alikukanyaga mbavu au kichwa?" Kisha kicheko kikamkatika ghafla, akakaa. "Ametia sahihi?"

"Hajatia."

"Tunaye mwingine wa kuwa mwalimu mkuu?"

Nikamwambia tunaye mmoja, naye ndiye niliyemwandika kama mrithi, na kwa sasa hanisemeshi. Thomasina akageukia dirisha. Nje, mwanafunzi mmoja alikuwa anajaribu kuwasha gari lililokataa.

"Nenda kwake kesho," akasema. "Beba unga, kahawa, sukari. Usibebe kalamu mpaka uambiwe."

Alhamisi nilikwenda. Bi Alfreda hakunikaribisha ndani. Alininyooshea fimbo kwenye rundo la magogo ya mwerezi, nami nikapasua kuni saa nzima na mbavu zangu zote zikinikumbusha majina yao. Alfajiri ile alikuwa ametoka kuimbiwa nyimbo za kuyaondoa niliyomtamkia, na mzee mmoja wa ng'ambo ya mlima. Hayo ni yake, siyaelezi. Baadaye akanipa mchuzi wa kondoo na mkate wa kukaanga, akangoja nimalize.

"Huo ukurasa hauwezi kuachwa wazi?"

"Ukiachwa wazi, andiko halipokelewi kabisa."

"Basi andika ninavyokwambia."

Nikatoa kalamu. Akafumba macho, akawa anasema taratibu, na mimi naandika.

"Mvua itanyesha kwa wakati wake, mvua ya kiume yenye radi na mvua ya kike ya taratibu. Majani yatafika magotini. Majike watazaa, na walio na nguvu watazaa mapacha. Kisima kitajaa. Mbweha atapita njia zake. Wanafunzi wangu watafuma, na mikono yao itajua. Mimi nitatembea na fimbo hii mpaka iishe, halafu nitakata nyingine." Akafumbua macho. "Umeandika na ya fimbo?"

"Nimeandika."

"Hivyo ndivyo tunavyokabiliana navyo."

Akavaa miwani akatia sahihi, herufi moja moja, kwa uangalifu wa mtu anayepitisha uzi kwenye mtande.

Ijumaa saa nane Thomasina aliusoma ukurasa ule akiwa amesimama.

"Ni mzuri," akasema.

"Ni sifuri."

"Ni mzuri na ni sifuri."

Kwenye kompyuta zilikuwepo kurasa zote mbili, wa kwangu na wa kwake. Sahihi ilikuwa kwenye karatasi ya pembeni. Hakuna mtu Washington ambaye angejua ilikuwa ya ukurasa upi. Niliutazama wa kwangu na majanga yake yote yaliyopangika vizuri, na nikaona darasa linabaki, Lorinda na cheti chake, kondoo zizini. Thomasina aliiona sura yangu.

"Ukiuweka ule wa kwanza chini ya sahihi yake," akasema, "sitakutania tena maisha yangu yote. Nitakuwa nakusalimia tu."

Saa nane na dakika arobaini nikatuma wa Bi Alfreda.

Kondoo walizaa vizuri. Wiki tatu zizi lilikuwa linaruka. Lorinda akaanza kunisemesha tena, kwanza kwa matusi, kisha kwa kawaida. Halafu mwisho wa mwezi wa tatu, maua ya mwituni yakiwa yameshaanza, ikaanguka theluji siku mbili na upepo wake. Barabara ikafungika. Tulipofika, wanakondoo kumi na mmoja walikuwa wamelala pembeni mwa uzio, wamebanana, wamekakamaa. Tuliwabeba mmoja mmoja mpaka kwenye pikapu. Nilimngoja Bi Alfreda anilaumu. Alinipita mara nne akiwa amewabeba, na mara zote nne aliniachia njia kwa adabu, kama mgeni.

Barua ilikuja mwezi wa tano. Waliofadhiliwa walianzia pointi sabini na nane. Sisi tulipata sabini na nne. Historia walituandikia kuwa imewagusa. Ratiba, vizuri. Vihatarishi, sifuri kati ya kumi: waombaji wanaeleza wanachokitamani, hatukuona mpango. Thomasina aliandika barua ya kukata rufaa na ikajibiwa siku hiyo hiyo, mstari mmoja. Akapigia simu mifuko mingine mitatu. Wa mwisho walimwambia ajaribu mwakani, naye akasema mwakani kondoo watakuwa wameshaliwa.

Lorinda alipata kazi ya kituo cha mafuta huko barabara kuu. Wale wanafunzi wanane wengine waliandikishwa darasa la uhasibu, kwa sababu lilikuwa na nafasi.

Lori la mnada lilikuja Jumanne, mwezi wa sita. Dereva nilimjua tangu enzi zangu za nyasi, na hakunitazama usoni. Walipakia madume kwanza. Bi Alfreda alisimama nje ya uzio, miwani ikiwa imevaliwa safari hii, akawa anawahesabu kwa midomo bila sauti. Nilikwenda kusimama karibu naye. Ile barua ilikuwa mfukoni mwa shati langu. Nilikuwa natembea nayo kama mwehu, naitoa naisoma naikunja.

"Nisomee," akasema.

"Umeshaambiwa ilivyo, mama mdogo."

"Nisomee kwa lugha yetu. Usiruke."

Nikamsomea. Sikuruka. Nilipomaliza, hasira ikanitoka mahali ambapo sikujua kuwa ipo.

"Pointi nne," nikamwambia. "Nne tu. Ule ukurasa wangu wa kwanza ungetupa saba, nane. Kondoo hawa wangekuwa wanakula hapa."

"Na wale kumi na mmoja?"

"Ile ni theluji, mama mdogo! Huanguka mwezi wa tatu miaka yote, nisome au nisisome. Wewe umeiona mara ngapi? Sikuileta mimi."

"Sijasema umeileta."

"Hukusema, lakini miezi mitatu unanipisha njia kama mtu wa kodi. Nimekosa, nilikuja kupasua kuni, nikaandika ulivyotaka, mpaka na ya fimbo. Nikajua tunapoteza na bado nikatuma. Kwa sababu ya nini? Maneno! Maneno yaliyoandikwa kwenye karatasi. Mimi ndiyo kazi yangu, nayajua, naandika mengi kila siku na hakuna kinachotokea. Maneno ya karatasi hayana nguvu yoyote juu ya kondoo."

Dereva akapandisha mlango wa nyuma, akasukuma komeo. Jike mmoja akaupitisha mdomo kwenye upenyo wa mbao, akalia.

Bi Alfreda akaichukua barua mkononi mwangu. Akaikunja kwa mikunjo yake ile ile, akanirudishia mfukoni, akabonyeza mfuko kwa kiganja ili ikae.

"Hayana nguvu juu ya kondoo?" akasema. "Haya, washushe."